Reli ya Busoga, Jinja hadi Namasagali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Reli ya Busoga ni ipi hasa?

Ni njia fupi ya reli iliyoanzia gati la Jinja, pale Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, ikapita Mbulamuti na kuishia Namasagali, ukingoni mwa Nile, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kamuli, Uganda. Ilifunguliwa mwaka 1912. Urefu wake ulikuwa takribani maili 61, yaani karibu kilomita 98, na nafasi kati ya reli mbili ilikuwa mita 1, sawa na njia ya Mombasa hadi Kisumu.

Je, ilikuwa tawi la ile Uganda Railway ya Mombasa?

Hapana, na kosa hili tunalikuta kila mahali. Uganda Railway ya kwanza iliishia Kisumu, iliyoitwa Port Florence wakati huo, Desemba 1901. Mwaka uliofuata mpaka ulisogezwa na eneo lile likawekwa chini ya utawala wa nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa hiyo kufikia mwaka 1912 reli yenye jina la Uganda haikuwa na hata kilomita moja ndani ya Uganda. Reli ya Busoga ndiyo ya kwanza kulazwa kwenye ardhi ya Uganda ya leo, miaka mitatu kabla ya njia ndogo ya Port Bell hadi Kampala ya mwaka 1915. Baadaye iliingizwa katika shirika lililopewa jina la Kenya na Uganda mwaka 1926, na kuanzia 1948 ikawa sehemu ya Reli na Bandari za Afrika Mashariki.

Kwa nini reli ilianzia majini na kuishia majini?

Mwenye kulielewa jibu la swali hili ameielewa reli nzima. Nile inapotoka Jinja haipitiki kwa meli. Kulikuwa na maporomoko ya Ripon na Owen, kisha Bujagali, Itanda na Isimba. Mengine yamezama chini ya mabwawa ya umeme: Ripon ilifunikwa na bwawa la Owen Falls lililozinduliwa mwaka 1954. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 yote yalikuwa wazi, maji yakinguruma, na hakuna chombo kilichoweza kushuka na mzigo kikafika salama.

Kuanzia karibu na Namasagali mto unatulia. Unakuwa mpana, unaingia Ziwa Kyoga, na meli inaweza kusafiri mpaka Masindi Port. Hapo mto unaanza tena ukorofi: maporomoko ya Karuma, halafu Murchison. Safari ya mzigo kutoka kusini kwenda kaskazini ilikuwa hivi:

1. Meli kutoka Kisumu hadi Jinja.
2. Treni kutoka Jinja hadi Namasagali.
3. Meli ya Kyoga kutoka Namasagali hadi Masindi Port.
4. Barabara, karibu kilomita 120, kutoka Masindi Port kupitia mji wa Masindi hadi Butiaba.
5. Meli ya Ziwa Albert kutoka Butiaba, nyingine kuelekea upande wa Kongo, nyingine kushuka hadi Nimule kwenye mpaka wa Sudan.

Kwa maneno mengine, treni hii ilikuwa kipande cha mto. Ilifanya kazi ambayo Nile ingeifanya yenyewe lau si miamba. Ndiyo sababu kuihukumu kwa vipimo vya reli ya kawaida, kwamba haikuunganisha miji mikubwa na ilipita vijijini, ni kuionea.

Nimesoma kuhusu "reli ya Kakindu". Ni nyingine?

Ni hii hii. Mipango na barua za mwanzo zinataja Kakindu kama mwisho wa njia, kwa sababu wasafiri walizoea kutembea kwa miguu kutoka Jinja hadi huko, kisha kupanda mitumbwi. Winston Churchill, akiwa waziri mdogo wa makoloni, alipita hivyo mwaka 1907, na baada ya safari hiyo akaitetea hadharani hoja ya kuunganisha maziwa ya Victoria na Albert kwa reli. Ukitafuta nyaraka, tafuta majina yote mawili. Ukitafuta Namasagali peke yake utakosa karatasi nyingi za kabla ya 1912.

Ilibeba nini?

Pamba. Vitu vingine vilikuwepo: chumvi, nguo, mabati, vifaa vya serikali, abiria. Lakini pamba ndiyo iliyolipa gharama.

Zao hili lilianza kuenezwa Uganda mwaka 1903 na 1904, na ndani ya miaka michache Busoga, Teso na Lango zilikuwa zinalima kwa wingi. Tatizo lilikuwa kuitoa. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa paundi 60 hivi kichwani, karibu kilo 27. Robota la pamba iliyochambuliwa na kushindiliwa la Uganda lina paundi 400, karibu kilo 181. Robota moja ni mzigo wa wapagazi sita au saba, na huwezi kuligawa bila kulifungua. Ng'ombe wa kukokota walikufa kwa nagana kwenye maeneo ya mbung'o. Na watu wenyewe walikuwa wamepungua: malale yaliivamia Busoga tangu karibu mwaka 1900, na njaa ya 1908 ikafuata. Pamba iliyolimwa mbali na maji ilifika sokoni kwa jasho jingi mno, au haikufika.

Reli na matishari (mashua bapa za mizigo) ya Kyoga vilibadilisha hesabu hiyo. Mkulima wa kando ya ziwa alipeleka pamba yake jineri (kiwanda cha kuchambua pamba), jineri ikafunga marobota, tishari likayakusanya na kuyafikisha Namasagali, na treni ikayachukua.

Marobota yalishushwa na kupakiwa mara ngapi?

Mara nyingi, na hapa ndipo gharama ilipojificha. Kabla ya 1928, robota lililotoka ng'ambo ya Kyoga lilihamishwa hivi: tishari kwenda behewa Namasagali, behewa kwenda meli Jinja, meli kwenda behewa Kisumu, behewa kwenda meli ya bahari Kilindini, bandari ya Mombasa. Mara nne, bila kuhesabu upakiaji wa kwanza kijijini. Tani 100 za pamba ni marobota kama 550. Zidisha mara nne, unapata zaidi ya miinuo 2,200 kwa shehena moja, kila mmoja ukihitaji watu kadhaa.

Kila uhamishaji una hatari zake. Gunia la nje linachanika kwa ndoano na pamba inachafuka. Mvua ikikuta marobota gatini bila turubai, ya nje yanalowa, na pamba iliyolowa ikishindiliwa ghalani inapata ukungu na kubadilika rangi, basi daraja lake linashuka. Ndiyo maana kituo cha namna hii kilihitaji maghala makubwa yenye sakafu iliyoinuliwa usawa wa mlango wa behewa. Ukizuru jengo la zamani la reli ukaona jukwaa lenye kimo cha kiunoni hivi, hilo lilikuwa ghala la mizigo. Jukwaa la abiria kwenye njia ndogo mara nyingi lilikuwa fupi zaidi, au halikuwepo kabisa.

Ni kweli treni zilizojaa zilikuwa zinapanda mlima?

Ndiyo, kwa jumla. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Kyoga karibu mita 1,033. Tofauti ni kama mita 100. Pamba ilikuwa inatoka Kyoga kwenda Jinja, kwa hiyo mzigo mzito ulipanda na mabehewa yenye nafasi yakashuka. Mita 100 kwa kilomita 98 ni kitu kidogo, sehemu moja kwa elfu. Kinachochosha kichwa cha treni ni vile vilima vya katikati: Busoga ni nchi ya miinuko mifupi na mabonde yenye vinamasi, na kila bonde lina mteremko wake na mpando wake.

Mbona njia ilipinda sana?

Ukipima kwa rula kwenye ramani, Jinja hadi Namasagali ni karibu kilomita 70 tu. Reli ilikuwa na 98. Hiyo ndiyo kawaida ya njia zilizojengwa kwa fedha kidogo: fundi hufuata mgongo wa ardhi kadiri awezavyo, maana kila kinamasi anachokikata kinadai tuta refu na kalvati. Tuta juu ya mafunjo lina taabu ya pekee. Chini ya udongo kuna mizizi na tope, linadidimia polepole, upande mmoja zaidi ya mwingine, na reli inalala kiubavu. Dawa yake ni kuinua mataruma (vipande vinavyolazwa kukingama chini ya reli) na kushindilia udongo au kokoto chini yake, tena na tena, kila baada ya masika. Kalvati likiziba kwa majani, maji yanasimama upande wa juu, tuta linalowa mpaka ndani, na siku ya mvua kubwa linakatika.

Mataruma yalikuwa ya mbao au ya chuma?

Katika reli za ukanda huu chuma kilipendelewa tangu mwanzo kwa sababu ya mchwa. Taruma la mbao laini halimalizi miaka mingi likiwa limelala kwenye udongo mwekundu. La chuma lina umbo la karai refu lililogeuzwa, kingo zake zikizama ardhini ili lisiteleze. Adui wake ni kutu, hasa pale ambapo badala ya kokoto pametumika udongo mtupu unaoshika maji. Huoza kwanza pale reli inapoketi, kwenye matundu ya vishikizo, na ukiligonga kwa nyundo hapo linatoa sauti ya kopo lililopasuka badala ya kengele. Waliofanya kazi ya njia huchunguza hivyo hivyo: macho, kisha nyundo.

Meli za Kyoga zilikuwa za aina gani?

Speke, Stanley na Grant ndizo zinazokumbukwa zaidi. Zilikuwa na gurudumu kubwa la makasia nyuma, na hiyo haikuwa mitindo ya kizamani. Kyoga ni ziwa la kina kifupi, sehemu kubwa haifiki mita 4, na limejaa mayungiyungi na mafunjo. Rafadha (panga boi) iliyo chini ya meli ingenasa majani na kusimama. Magurudumu ya ubavuni yangeipanua meli na kugonga kingo kwenye mikondo myembamba. Gurudumu la nyuma linapiga maji ya juu tu, linakingwa na mwili wa meli, na majani yakijisokota mabaharia wanayakata kwa panga wakiwa wamesimama. Pia linaacha ubavu wazi wa kufungia matishari.

Meli za maziwa yetu zilitengenezwa Uingereza, zikafungwa kwa bolti, zikafunguliwa, kila bamba likapewa namba, kisha zikasafirishwa vipande vipande na kuungwa upya kwa ribiti kando ya ziwa. Kipande kimoja kikipotea njiani, kazi yote inasimama kusubiri kingine kitoke ng'ambo.

Mwaka 1928 ulibadilisha nini?

Ulibadilisha kila kitu. Njia kuu kutoka Nakuru kupitia Eldoret na Tororo ilifika Mbulamuti na kuungana na Reli ya Busoga. Treni ikaweza kutoka Mombasa hadi Jinja bila meli ya Victoria. Robota la Namasagali nalo likaweza kupakiwa mara moja na kushushwa Kilindini: ile mihamisho minne ikawa miwili.

Lakini hapo hapo njia iligawanyika. Kipande cha Jinja hadi Mbulamuti kikawa sehemu ya njia kuu, na Mbulamuti hadi Namasagali kikabaki tawi. Mwaka 1931 daraja la Nile pale Jinja lilikamilika na treni zikafika Kampala. Wengi husema daraja hilo ndilo lililoiua Namasagali. Hatukubaliani. Daraja lilielekea magharibi, na Namasagali ilihudumia kaskazini. Iliendelea kufanya kazi miaka 30 mingine baada ya daraja.

Basi ni nini kilichoiua?

Mambo matatu yaliyokutana ndani ya muda mfupi.

La kwanza ni reli nyingine. Njia ya Tororo hadi Soroti ilifunguliwa 1929 na kuichukua pamba ya Teso. Kisha njia hiyo ikasogezwa kaskazini: Lira mwaka 1962, Gulu 1963, Pakwach 1964. Mzigo wa Lango na Acholi haukuhitaji tena kuvuka ziwa.

La pili ni njia ya mkato. Mwaka 1961 ilifunguliwa reli mpya kutoka Bukonte kwenda Jinja moja kwa moja kupitia Iganga. Treni za njia kuu zikaacha kuzunguka Mbulamuti, na tawi la Namasagali likawa tawi la njia ambayo yenyewe imepitwa.

La tatu ni maji. Mvua za mwisho wa 1961 zilikuwa za ajabu Afrika Mashariki nzima. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata, na maji hayo yote yana njia moja ya kutokea: Nile, kisha Kyoga, kisha Albert. Magati yalifunikwa. Visiwa vya mafunjo viling'oka kingoni na kuelea, vikaziba mikondo ya meli. Kisiwa cha namna hiyo si takataka za kusukuma kwa mti. Ni mizizi iliyosukana kwa unene wa kuweza kubeba watu, na upepo ukigeuka kinahama na kuziba mahali palipokuwa wazi jana. Butiaba nayo ilizama. Huduma za meli za Kyoga zilikomeshwa mwaka 1962, na tawi la reli lililokuwa likiishia gatini likabaki bila sababu ya kuwepo.

Lingekuwa jambo la kwanza peke yake, Namasagali ingedhoofika taratibu. Yangekuwa mafuriko peke yake, gati lingejengwa upya. Hakuna serikali ambayo ingejenga upya bandari ambayo mzigo wake umeshahamia kwingine.

Majengo yalienda wapi?

Katikati ya miaka ya 1960 majengo ya reli na bandari ya Namasagali yaligeuzwa shule, Namasagali College, iliyoendeshwa na wamishonari wa Mill Hill na kupata sifa nchi nzima kwa michezo ya kuigiza na dansi. Bila shule hiyo majengo yangebomolewa kwa ajili ya mabati na matofali.

Nawezaje kuifuatilia njia ya zamani mwenyewe?

Anza mezani. Ofisi ya upimaji na ramani iko Entebbe. Tafuta karatasi za vipimo vya 1:50,000 za eneo la Jinja na Kamuli zilizochapishwa kabla au karibu na 1962. Nakili mstari wa reli juu ya picha ya setilaiti na uweke alama za GPS kila kilomita. Karatasi za utawala ziko kwenye hifadhi ya taifa ya nyaraka Wandegeya, Kampala. Makumbusho ya Reli yaliyoko stesheni ya Jinja yanafaa kuanzia safari, na yale ya Nairobi yana mengi ya enzi za shirika la pamoja.

Namasagali yenyewe iko magharibi ya mji wa Kamuli kwa barabara ya murram. Nenda kiangazi: Januari au Februari. Panda bodaboda ya mtu wa hapo, na kabla ya kuingia shambani kwa mtu pita kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) ujitambulishe. Ukiwa kwenye eneo la shule, omba ruhusa ofisini kwanza.

Nitatofautishaje tuta la reli na barabara ya kawaida?

Barabara ya kijiji inapanda kilima kama mbuzi, reli haiwezi. Ukikuta njia ya murram inayozunguka kilima kwa upole, yenye upana uleule kwa mwendo mrefu, na pande zote mbili kuna mashimo ya zamani ya kuchotea udongo, shuku reli.

Thibitisha kwa vipimo viwili. Mteremko: chukua mpira mwembamba wa maji unaoona ndani, pima mita 20, linganisha usawa wa maji kwenye ncha mbili. Tofauti ya sentimita 40 ni moja kwa 50; ikizidi hapo sana, huenda umepotea njia. Mpindo: nyosha kamba ya mita 20 kwenye ukingo wa nje wa tuta, ncha zote mbili zikigusa ukingo, kisha pima umbali kutoka katikati ya kamba hadi ukingo. Zidisha urefu wa kamba kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya kipimo hicho. Ukipata sentimita 25, nusu kipenyo ni 400 gawanya kwa 2, yaani mita 200. Mpindo wa mita 50 si wa treni hii.

Nimekuta kipande cha reli. Nawezaje kujua umri wake?

Kwenye shingo ya reli, kati ya kichwa na wayo, kuna maandishi yaliyoinuka: kiwanda, mwaka, na mara nyingi uzito kwa paundi kwa kila yadi. Paundi 50 ni karibu kilo 25 kwa mita. Safisha kwa brashi ya waya, paka chaki ubapa wake, piga picha jua likiwa chini ili vivuli visaidie. Usitumie asidi.

Angalizo moja linawakwaza wengi: mwaka ule ni wa kuviringishwa kiwandani, si wa kulazwa. Reli zilizochoka kwenye njia kuu zilihamishiwa matawi. Kipande chenye mwaka wa kabla ya 1912 kinaweza kuwa kililazwa kwanza Kenya na kufika Busoga miaka mingi baadaye, na chenye mwaka wa 1920 na kitu hakithibitishi kwamba sehemu hiyo ilijengwa wakati huo.

Na tafadhali kiache mahali kilipo. Mali ya reli na ardhi ya hifadhi yake bado ni mali ya umma, hata pasipopita treni, na anayekata taruma kwa ajili ya chuma chakavu anavunja sheria. Mbali na sheria, taruma lililobaki mahali pake linaonyesha mstari ulipita wapi, kwa mwelekeo gani na kwa kimo gani. Likipelekwa kwa mnunuzi wa chuma ni kilo kadhaa tu. Piga picha ukiweka rula kando, andika alama za GPS, na upeleke nakala kwenye makumbusho ya Jinja.